Simama Nyuma Yake

Kendu Bay
Jumatatu, 9 Januari 2023

Dada yangu Zeituni,

Assalamu alaikum. Tulirudi salama baada ya hitima ya marehemu mumeo, Mungu amrehemu, na wifi yako tangu siku hiyo hana habari nyingine ila pilau yako. Huku ziwa limepanda tena na kuingia kwenye mihogo ya jirani. Mbuzi mweupe amezaa mmoja, nasi tulitarajia wawili. Goti langu ni lile lile.

Sasa nina jambo, na ukae chini ulisome.

Siku ya hitima mjukuu wako Laila aliniletea maji ya kunawa. Kabla maji hayajanifikia, ilinifikia harufu. Alisimama mbele yangu kabisa, akainua uso na kunitazama mdomoni, hata nikadhani nina punje ya wali kwenye ndevu. Nikaona pamba katika sikio lake la kulia. Nikaitoa. Ilikuwa imelowa usaha wa kijani. Nilikuuliza, ukanijibu mbele ya watu: "Hilo ni sikio la mvua, kaka. Linakuja na kwenda, mwaka wa tatu huu." Baadaye nikakukuta jikoni unapasha mafuta na kitunguu saumu kwenye kijiko, na njiti ya kiberiti iko tayari pembeni.

Nilinyamaza kwa sababu watu walikuwa na juzuu mikononi. Sasa hakuna watu.

Zeituni, nimetibu watu miaka thelathini na minne katika zahanati za serikali, na katika miaka hiyo hakuna kilichonikasirisha kama kijiko hicho. Nyuma ya tundu la sikio kuna ngozi nyembamba, ndiyo ngoma ya sikio. Nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo, na kutoka chumba hicho kuna mfereji unaoshuka mpaka nyuma ya pua. Kwa mtoto mfereji huo ni mfupi na umelala, kwa hiyo mafua hupanda kwa urahisi. Chumba kikijaa usaha mtoto hulia usiku kucha, kisha ngoma hupasuka, usaha hutoka, na maumivu hukoma. Hapo ndipo mnapodanganyika. Maumivu yakikoma mnasema amepona, kumbe amepasuka. Sikio linalotoa usaha chini ya siku kumi na nne ni ugonjwa mpya. Likizidi siku hizo ni ugonjwa sugu. Na wewe unaniambia miaka mitatu!

Mafuta basi. Njiti basi. Maji ya ziwa yasiingie humo. Chukua kitambaa safi cha pamba, kisokote kiwe kama utambi, kitie taratibu, kisubiri kilowe, kitoe, tia kingine, mpaka kimoja kitoke kikavu. Fanya hivyo mara tatu au nne kwa siku, na usimwachie kitu ndani. Halafu mpeleke hospitali kubwa kwenye kliniki ya masikio siku ya Jumatano, wamtazame ndani na wampe matone yanayofaa. Usinunue matone kwa kubahatisha, maana yapo yanayodhuru sikio lililotoboka.

Ninakuandikia kwa sababu mtandao wa simu huku ni mbovu, na karatasi utaisoma mara mbili. Ondiek wa gari la samaki ndiye atakayekuletea.

Kaka yako,
Badru


Nyalenda
Ijumaa, 17 Februari 2023

Kaka Badru,

Waalaikumu salaam. Sisi wazima. Maji yamekatika wiki ya pili, mitungi tunaipanga kwenye kioski toka alfajiri, na juzi Aloo wa nyumba ya pili alishikwa na uchungu pale pale kwenye foleni. Amepata mapacha. Watu wamesema mmoja aitwe Kioski. Biashara ya viazi karai inaenda, ila unga umepanda. Mpe wifi salamu na umwambie siri ya pilau simpi.

Barua yako niliipata siku ile ile. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Sasa hivi bado nimekasirika, lakini nimepata kalamu.

Umeniandikia kama mtu anayemkaripia mfagiaji wa zahanati yake. Mimi ndiye niliyeachiwa mtoto huyu ana miaka minne, mama yake alipoenda Saudia kufanya kazi za nyumba. Mimi ndiye ninayeamka akilia. Mafuta na kitunguu saumu alitutilia Mama sisi wote, na wewe ulikuwa wa kwanza kulia uongezewe. Mama alisema sikio linalotoka usilizibe, uchafu ukikosa njia unapanda kichwani. Ulikuwepo akisema. Kwani Mama alikuwa mjinga siku zote, au alianza ujinga siku uliyopata cheti?

Na huo mtandao mbovu ni upi? Ondiek anasema akishusha samaki hapo kwako anatazama mpira kwenye simu mpaka dakika ya tisini. Nimekupigia mara sita tangu hitima. Unashika, unasema "haloo, haloo, siwasikii," unakata. Mimi nakusikia, kaka. Nakusikia mpaka unavyopumua.

Hospitali nitaenda nikipata nafasi. Jumatano ni siku ya soko.

Laila hajambo. Wiki hii hayuko shule, amepumzika kidogo. Mwalimu wake, Mwalimu Lorine, anasema mtoto ana kiburi, akiitwa haitiki. Alimhamisha akae nyuma kabisa ya darasa mpaka ajifunze adabu. Nami nimemchapa, nimemwambia mkubwa akikuita unaitika.

Dada yako,
Zeituni


Kendu Bay
Ijumaa, 24 Februari 2023

Zeituni,

Salamu, na pongezi kwa Aloo. Wifi yako ana mafua. Mihogo ya jirani imeoza yote majini.

Umechapa mtoto kwa kutosikia.

Nimeiandika peke yake sentensi hiyo ili uione vizuri. Nilipoisoma barua yako nilitoka nje nikazunguka zizi la mbuzi mara mbili, na goti langu unalijua.

Tuanze na Mama, kwa kuwa umemleta. Mama hakuwa mjinga. Alisema sikio linalotoka lisizibwe, na hapo alisema kweli, nami nasema hivyo hivyo. Nani aliyelitia pamba? Wewe! Umechukua kwa Mama mafuta, ukaacha neno lake moja lililokuwa sahihi.

Na huyo Mwalimu Lorine, mwambie kwamba mtoto mwenye ngoma iliyotoboka husikia kama mtu aliyezama kichwa kwenye karai la maji. Anasikia kwamba unasema, ila hajui unasema nini. Mtoto wa namna hiyo huwekwa mbele kabisa, sikio zuri likielekea kwa mwalimu. Yeye amemweka nyuma kabisa! Ninaambatisha barua yake. Nimeiandika kwa adabu, na imenichukua karatasi tatu nilizozichana.

Sasa fanya kipimo ambacho hakina gharama. Chagua wakati nyumba imetulia. Simama nyuma ya Laila, hatua mbili, asiuone mdomo wako. Mwambie azibe sikio la kushoto kwa kidole. Kisha sema kwa sauti ya chini, sauti ya siri, kitu anachokipenda. Usipige makofi wala usikanyage sakafu kwa nguvu, maana mtoto asiyesikia hujifunza kusikia kwa miguu. Rudia mara tatu. Halafu abadilishe, azibe la kulia. Niandikie matokeo, si matusi.

Tena angalia haya bila kungoja Jumatano yoyote. Akivimba nyuma ya sikio, pakawa pekundu na sikio likasukumwa mbele, au akipata homa kali na kutapika, au kizunguzungu, au mdomo ukienda upande, mbebe siku hiyo hiyo mpeleke hospitali. Usaha ukiacha kutoka nje na kuanza kula mfupa, tunaweza kumpoteza. Usiseme hukuambiwa.

Habari za simu yangu ziache.

Badru


Nyalenda
Jumapili, 2 Aprili 2023

Kaka,

Ramadhani njema. Saumu ya kumi na moja leo. Mvua imeanza, mtaro umefurika, tumeweka matofali mlangoni. Mama Laila alipiga kutoka Saudia akauliza mwanawe vipi, nikasema mzima.

Nimekawia. Usinitukane kabla hujafika mwisho.

Kipimo nilikifanya. Ilikuwa mchana, wapangaji wenzangu wako kazini. Laila alikuwa kwenye mkeka, kanipa mgongo. Nikamwambia azibe la kushoto, nikarudi nyuma hatua mbili kama ulivyoagiza, nikasema kwa sauti ya siri, "Laila, jioni kuna kaimati." Hakugeuka. Nikasema tena. Nikasema mara ya tatu na sauti yangu ikapanda yenyewe. Mtoto ameziba sikio lake kwa kidole, amekaa kimya ananingoja nianze. Aliniuliza, "Nyanya, bado?"

Alipoziba la kulia, kwa la kushoto aligeuka mara ya pili.

Niliogopa, kaka. Nilikaa jikoni nikalia, nikasema sasa nitamwambia nini mama yake. Hospitali wakinitamkia kwamba huyu ni kiziwi, neno hilo halirudi tena mdomoni mwao. Kwa hiyo sikwenda hospitali.

Kuna mama mmoja mtaa wa Obunga anayekata kimio. Nilipelekwa na mteja wangu. Akamfungua Laila mdomo, akaniambia, "Ona kimio kilivyo kirefu. Hiki ndicho kinachovuta mafua na kuyapandisha masikioni. Kikikatwa, sikio linakauka." Nami nikakumbuka barua yako. Uliniandikia mwenyewe kwamba iko njia kutoka nyuma ya pua mpaka ndani ya sikio. Nikaona maneno yake na yako ni mamoja. Ndiyo nikakubali. Ningekuwa sijasoma barua yako ningekataa.

Nilimshika mimi. Alitumia wembe aliofunga kwenye kijiti. Ilikuwa Alhamisi. Damu ilitoka mpaka Ijumaa jioni. Sasa imekata, anakunywa uji taratibu, lakini maji akinywa haraka yanamtokea puani. Sikio bado linatoka.

Barua yako kwa mwalimu sijaipeleka.

Zeituni


Kendu Bay
Jumanne, 4 Aprili 2023

Zeituni,

Waalaikumu salaam, na Mungu azipokee saumu zenu.

Ondiek nimemwambia asizime gari. Wifi yako atakupigia simu leo hii, kabla barua haijakufikia. Mjibu kila atakachouliza. Ana karatasi ya maswali mkononi.

Kimio ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kazi yake ni kusaidia kufunga njia ya pua tunapomeza, ili uji usipande juu. Ndiyo maana maji yanamtokea puani. Hakivuti mafua wala hakigusi sikio. Mtu akikiona kirefu, ni kwa sababu koo limevimba kwa ugonjwa, nalo likitibiwa kinarudi. Nimewahi kumpokea mtoto wa miaka miwili aliyekatwa kimio asubuhi na kufika kwangu jioni mweupe kama karatasi hii. Sikuwa na damu ya kumwongezea. Mama yake naye alikuwa amemshika mwenyewe, na naye alimpenda.

Nilikueleza mfereji ili ujue kwa nini umpeleke kwa daktari. Sikukueleza ili ujue pa kukata!

Kesho ni Jumatano. Acha viazi. Mpeleke hospitali, useme kwa kinywa chako kwamba amekatwa kwa wembe, ili watazame kidonda na wampe kinga ya pepopunda. Usifiche kwa aibu. Akianza kutoka damu tena, au akipata homa, au akishindwa kumeza mate au kufungua mdomo, usingoje kuche.

Nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Na sehemu yake, nikisema kweli, siijui niielekeze wapi.

Badru


Nyalenda
Jumapili, 7 Mei 2023

Kaka Badru,

Idd imepita. Tulikupikia, tukakutandikia, hukuja. Ulimtuma Ondiek na samaki watatu wa sato na bahasha ya Laila. Sato walikuwa wazuri. Mapacha wa Aloo wamenenepa, na yule Kioski ndiye mkali kuliko mwenzake.

Hospitali nilikwenda ile Jumatano. Nilisema yote, hata wembe. Daktari alikuwa msichana mdogo wa kuweza kuwa mjukuu wangu. Alinitazama, akamchoma Laila sindano ya pepopunda, akatazama koo, akatazama sikio kwa kile kimulimuli. Ngoma imetoboka, tundu kama punje ya dengu. Ametoa matone ya wiki mbili, kila baada ya kukausha kwa utambi. Nakausha kama ulivyoandika. Mara nne kwa siku, kaka, hata na moto wa karai ukiwa unaniita. Sikio lilikauka siku ya tisa. Likarudi kidogo mvua ilipomnyeshea, limekauka tena. Kidonda cha koo kimepona, ila maji bado akinywa haraka yanarudi. Anayanywa kidogo kidogo kama kifaranga. Kila nikimwona hivyo najua ni mikono yangu.

Na barua yako nimempelekea Mwalimu Lorine. Aliisoma amesimama, akaketi, akasoma tena. Akaniambia, "Mama, mbona hamkuniambia?" Nikamwambia, "Mwalimu, nami nimeambiwa kwa posta hiyo hiyo." Kesho shule zikifunguliwa Laila atakaa dawati la kwanza.

Sasa zamu yangu. Kaa chini nawe usome.

Siku ile wifi aliponipigia, mtandao ulikuwa safi kama maji ya kisima. Simu ulikuwa umeiweka sauti ya wazi, ya juu kabisa, mpaka sauti yangu mwenyewe ikawa inanirudia. Nami nikawa nakusikia nyuma yake, "Anasema nini? Anasema nini?" Wifi anakurudishia kila neno kwa kupiga kelele. Mimi niko Nyalenda nimesikia kila kitu. Wewe uko hatua moja kutoka kwenye simu hukusikia chochote.

Nikaanza kukumbuka. TV yako inayosikika mpaka msikitini. Siku ya hitima, imamu alisema tuombe, watu wote wakainua mikono, wewe ukatazama kushoto na kulia ndipo ukainua. Na kabla ya hapo nilisimama nyuma yako na birika, nikasema, "Badru, chai." Nikasema tena. Nikadhani unaniringia mbele ya wageni. Sikujua kwamba nilikuwa nakufanyia kipimo.

Miezi minne unanifokea kwamba mtoto hasikii, na nimemchapa, na nimemficha. Wewe nani amekuchapa? Umejificha nyuma ya karatasi. Afadhali mimi nilidanganywa na mama wa Obunga. Wewe umejidanganya na cheti chako ukutani!

Laila amepewa tarehe ya kipimo kile cha chumba kilichofungwa, cha kuvaa vitu masikioni. Ni Jumatano, 21 Juni. Yule msichana wa kuandikisha aliniuliza, "Ni mtoto peke yake?" Nikamwambia hapana, andika wawili. Jina lako liko chini ya la Laila.

Zeituni


Kendu Bay
Jumapili, 11 Juni 2023

Dada yangu,

Assalamu alaikum. Nimekaa na barua yako wiki tano. Mbuzi yule mmoja amekua, anaruka ua. Ziwa limerudi nyuma kidogo. Wifi yako haongei nami vizuri, na sababu unaijua, kwa maana nilimwuliza ni nani aliyekuambia, na yeye hakuwa amekuambia.

Barua ya kwanza niliyokujibu niliichoma. Nilikuuliza humo nani amekupa ruhusa ya kuandikisha jina langu. Ya pili ilikuwa na maelezo marefu kuhusu masikio ya wazee, jinsi sauti nyembamba zinavyotangulia kupotea, za ndege na za watoto, kisha herufi nyepesi, mpaka maneno yanabaki mifupa mitupu. Yote ni kweli. Niliichoma nayo, kwa sababu niliona ninakueleza ugonjwa kama kwamba ni wa mtu mwingine.

Nitakuambia ambalo hata wifi yako halijui lote.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, mama mmoja alimleta mtoto anayekohoa. Niliweka mpira wa kupimia kifuani, nikasikiliza mbele, nikasikiliza mgongoni, nikaandika kwenye kadi: kifua safi. Siku mbili baadaye muuguzi aliyekuwa zamu akamwona mtoto yule yule, akamsikiliza, akaniita. "Daktari, hebu sikia kifua hiki kinavyokwaruza." Nikaweka mpira. Nikasikia ukimya. Nikamtazama muuguzi usoni, nikamwambia, "Ndiyo, kinakwaruza." Mtoto alilazwa, akapona, si kwa kazi yangu. Mwezi uliofuata nikaomba kustaafu, nikasema ni goti.

Sijui ni vifua vingapi niliviandika safi kabla ya hicho. Hiyo ndiyo hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nilikuwa nikiielekeza kwako, kwa sababu ulikuwa karibu, na kwa sababu kijiko chako kilionekana, na changu hakionekani.

Wewe ulipoogopa ulimpeleka mtoto Obunga. Mimi nilipoogopa nilinyamaza, nikaendelea kuvaa koti jeupe mwezi mzima. Yule mama wa Obunga na mimi tulifanya jambo moja. Tulisema kwa uhakika tusichokijua.

Nitakuja Jumanne jioni, tarehe 20. Nitalala kwako. Usiwaambie wapangaji sababu. Na ukitaka kuniita, njoo mbele yangu.

Kaka yako,
Badru


Nyalenda
Ijumaa, 28 Julai 2023

Kaka yangu Badru,

Assalamu alaikum. Maji yamerudi, sasa imekatika stima. Kioski ameota jino la kwanza, amemng'ata Aloo. Mama Laila nimemwambia yote, hata wembe. Hakupiga kelele. Alikata simu, akapiga tena kesho yake akasema, "Mama, nipe nimsikie." Bado ana hasira nami, na nimemwambia aendelee nayo, ni haki yake. Mwezi wa kumi na mbili anakuja.

Ondiek anasema tangu urudi unamtazama mdomo akiongea, na yeye ana pengo, anaona haya.

Nimeona nikuandikie yale ambayo hukuyasikia siku ya kliniki, kwa kuwa wewe unajua tu yale uliyoambiwa na daktari usoni. Ngoma ya Laila inaweza kujifunga, au watakuja kuishona kiraka akifika umri. Sikio la kulia litabaki nyuma kidogo ya la kushoto. Wewe ni yote mawili, na ungekuja miaka sita iliyopita ungekuwa umeshazoea kifaa. Hayo tuliyasikia pamoja.

Lakini kabla ya hapo, ulipokuwa umekaa kwenye benchi na kofia yako magotini kama mtu anayengoja hukumu, muuguzi alitoka mlangoni akaita, "Badru! Mzee Badru!" Ulikuwa unatazama ukuta. Akaita tena, watu wakaanza kugeuka. Mzee mmoja akacheka akasema, "Huyo amekuja mahali pake!" Mimi nikainuka nimkomeshe. Laila alinitangulia. Alimwendea muuguzi, akamshika gauni, akasema kwa ile sauti yake ya juu ambayo kliniki nzima iliisikia isipokuwa wewe:

"Huyu ni babu yangu. Usimwite ukiwa huko. Njoo mbele, umtazame, halafu useme. Mimi humfanyia hivyo tangu zamani."

Tangu zamani, kaka. Nilimwuliza nyumbani alijuaje. Akanishangaa kana kwamba nimeuliza jua linatoka wapi. "Nyanya, yeye anatazama midomo kama mimi." Siku ya hitima ulidhani una punje ya wali kwenye ndevu. Wewe na yeye mlikuwa mnasomana. Katika nyumba iliyojaa watu wazima, mwenye cheti na mwenye kijiko, aliyetambua ugonjwa ni huyo.

Sasa hivi natoka kufanya kipimo. Nakifanya kila Ijumaa. Sikio ni kavu wiki ya sita. Alikuwa kwenye mkeka anaandika, la kushoto ameliziba. Nikasimama nyuma yake hatua mbili. Sikuwa na cha kuahidi, kaimati hakuna, nikasema tu jina lake, kwa sauti ya siri.

Hakugeuka.

Nikasema tena. Kalamu ikasimama. Akageuza kichwa, nusu tu, kama kuku anayesikiliza mvua, akasema, "Nyanya, umeniita, au nimefikiri?"

Nikamwambia nimekuita.

Karatasi imeisha, na mimi nimechoka kuandika. Ondiek ameniambia kifaa chako kimefika. Kitoe kwenye sanduku. Nitakupigia Jumapili saa nne asubuhi, nitasema polepole, na Laila atakuwa hapa. Ukishika ukasema "haloo, haloo, siwasikii," ukakata, nakuja huko mwenyewe, na nitasimama mbele yako.

Dada yako,
Zeituni